Kuziba Ufa au Kujenga Ukuta? Historia na Ukarabati wa Husuni Kubwa ya Kilwa

Utangulizi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufunzwa tangu shule ya msingi, na maana yake huchukuliwa kuwa bayana: anayepuuza dosari ndogo hugharimika zaidi baadaye. Hata hivyo, kuna mahali ambapo methali hii haihitaji kufasiriwa kisitiari, kwa kuwa ufa unaozungumziwa ni ufa wa kweli na ukuta ni ukuta wa mawe. Mahali hapo ni katika magofu ya miji ya kale ya Waswahili, ambako kila msimu wa mvua huacha nyufa mpya na kila mzizi wa mti huongeza upana wa nyufa za zamani.

Makala hii inaangalia gofu moja miongoni mwa hayo, nalo ni Husuni Kubwa iliyoko Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania. Tutaeleza jina lake, historia yake, namna lilivyojengwa, namna linavyoharibika, na jitihada zilizofanywa kulinusuru. Hoja yetu ni kwamba methali tuliyoanza nayo inabeba kanuni nzima ya uhifadhi wa magofu. Kuziba ufa ni wajibu. Kujenga ukuta upya, pale ambapo hatujui ukuta wa kwanza ulivyokuwa, ni hasara hata kama ukuta wenyewe utapendeza. Aidha, tutajaribu kuonyesha kwamba suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, kwa sababu sehemu ya uharibifu hutokana na ulegevu wa istilahi.

Jina na Kinachoitwa

Neno husuni lina asili ya Kiarabu, kutokana na neno hisn, lenye maana ya ngome au mahali palipoimarishwa dhidi ya adui. Kwa hivyo Husuni Kubwa ni kusema Ngome Kubwa. Kando yake, ng'ambo ya bonde dogo, kuna gofu jingine liitwalo Husuni Ndogo. Anayesikia majina haya kwa mara ya kwanza hutarajia kukuta minara ya walinzi, matundu ya mishale au mizinga, na kuta nene za kuzuia mashambulizi.

Matarajio hayo hayatimizwi na Husuni Kubwa. Uchunguzi wa wanaakiolojia umeonyesha kwamba jengo hilo lilikuwa kasri la kifalme lenye makao, ua wa baraza na maghala ya bidhaa. Husuni Ndogo ndiyo yenye sura ya ngome, kwa kuwa ni boma la mstatili lililozungushiwa ukuta mnene wenye minara. Jina la husuni, basi, ni shahidi wa namna watu wa baadaye walivyolitazama gofu. Waliona kuta kubwa juu ya genge la bahari, wakaziita ngome.

Jengo la tatu linalopaswa kutajwa ni Gereza, lililoko upande wa mji wenyewe, karibu na ufuo. Wanafunzi wa etimolojia wanafahamu kwamba gereza linahusishwa na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Ngome za Wareno zilikuwa na makanisa ndani yake. Baadaye ngome hizo zikatumiwa kufungia watu, na neno likasafiri kutoka kanisa hadi ngome, na kutoka ngome hadi jela. Mfano wa safari hiyo tunao hapa Kenya, kwani Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilitumiwa na serikali ya kikoloni kama jela tangu 1895 hadi 1958. Katika Kilwa neno limebaki na maana yake ya ngome. Tunaona, basi, kwamba majina ya magofu ni sehemu ya magofu yenyewe, nayo pia yana tabaka zake.

Kilwa na Sultani Aliyejenga

Uchimbuaji wa kitaalamu katika Kilwa Kisiwani uliongozwa na Neville Chittick kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1974. Chittick alionyesha kwamba watu walikuwa wamekaa kisiwani tangu takriban karne ya 9, wakiishi katika nyumba za miti na udongo, wakivua, wakifua chuma na kutengeneza vyungu. Majengo ya mawe yalikuja baadaye, hatua kwa hatua.

Masimulizi ya wenyeji, yaliyohifadhiwa katika Tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yana picha tofauti. Humo tunasoma kuhusu mwana wa mfalme kutoka Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Kwa muda mrefu wasomi wa kigeni waliyachukua masimulizi ya aina hii kuwa ithibati kwamba miji ya pwani ni kazi ya wageni kutoka Uajemi na Uarabuni. Utafiti wa miongo ya baadaye, katika akiolojia na katika isimu ya kihistoria, umeibadilisha rai hiyo. Miji ilikua kutoka katika jamii za Kiafrika za pwani, zilizosema lugha ya Kibantu na zilizopokea watu, dini na bidhaa kutoka ng'ambo ya bahari. Mjadala huu si wa kinadharia tu. Anayeamini kwamba gofu ni la wageni hana msukumo wa kulitunza.

Kilwa ilitajirika kutokana na dhahabu. Madini hayo yalitoka katika nyanda za juu za Zimbabwe, yakashushwa hadi bandari ya Sofala, kisha yakapelekwa kaskazini kwa majahazi. Kilwa ilisimama katikati ya njia hiyo ikitoza ushuru. Watawala wake walitengeneza sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, na jambo litakalowafurahisha wanafunzi wa fasihi ni kwamba maandishi hayo yalitungwa kwa vina: maneno ya upande mmoja wa sarafu yalioana kwa sauti na jina la sultani lililokuwa upande wa pili.

Sultani anayehusishwa na Husuni Kubwa ni al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 14. Tarehe ya Kilwa inasimulia kwamba katika ujana wake alikwenda Hija na kukaa Aden akisoma. Sarafu yenye jina lake iligunduliwa katika magofu ya Great Zimbabwe, mbali sana na bahari. Mwaka 1331 msafiri maarufu Ibn Battuta alifika Kilwa akamkuta sultani huyu, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa mtawala wake, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji. Anaeleza kisa cha fakiri kutoka Yemen aliyemwomba sultani nguo alizokuwa amevaa. Sultani alizivua akampa, kisha watu wakamsifu hata akamwongezea watumwa na pembe za ndovu. Ibn Battuta anaongeza kwamba ndugu yake aliyemrithi, Daud, alikuwa kinyume chake kwa utoaji.

Jumba Lilivyokuwa

Husuni Kubwa imesimama juu ya genge linaloitazama bahari, umbali wa zaidi ya kilomita moja mashariki ya mji. Ilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Upande wa kusini kulikuwa na ua mpana uliozungukwa na vyumba vingi vya mstari, ambavyo wanaakiolojia wanavihusisha na shughuli za biashara na uhifadhi wa bidhaa. Upande wa kaskazini, kuelekea baharini, ndiko kulikokuwa na makao ya kifalme: nyua zilizofuatana, ua wa baraza wenye ngazi za kukalia, na birika la kuogea lenye pembe nane, ambalo hadi leo ndilo linalowasimamisha wageni kwa muda mrefu zaidi. Mwisho wa jengo, ngazi ziliteremka genge hadi ufuoni.

Baadhi ya vyumba viliezekwa kwa kuba na matao, na vingine kwa sakafu bapa ya mawe na chokaa iliyobebwa na boriti za mikoko. Mawe yaliyochongwa yalipamba milango na kuta. Jiwe moja lenye maandishi ya Kiarabu lililopatikana humo lina jina la al-Hasan bin Sulaiman, na ndilo linalotuwezesha kulihusisha jumba na sultani huyo kwa uhakika. Miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa ni chupa ya kauri ya Kichina ya enzi ya Yuan.

Ili kuelewa namna gofu linavyoharibika, hatuna budi kuelewa lilivyojengwa. Mafundi wa pwani walitumia mawe ya aina mbili, yote yakitokana na matumbawe. Aina ya kwanza ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba wa nchi kavu. Mawe haya ni magumu, yana sura isiyo sawa, na hayachongeki vizuri. Ndiyo yaliyojaza kuta. Aina ya pili ni tumbawe laini lililokatwa chini ya maji likiwa bado hai. Likiwa bichi huchongeka kwa urahisi, na likikauka hewani huwa gumu. Hili ndilo lililotumiwa katika miimo ya milango, vidaka, mihrabu na nakshi.

Kiunganishi kilikuwa chokaa. Matumbawe yalipangwa juu ya lundo kubwa la kuni, yakachomwa, kisha chokaa iliyopatikana ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae kabla ya kuchanganywa na mchanga. Chokaa ya namna hii hukauka polepole na huendelea kupata nguvu kwa muda mrefu. Boriti za mikoko, kwa upande wake, ziliamua upana wa nyumba. Kwa kuwa boriti haziwezi kubeba sakafu nzito ya mawe katika masafa marefu, vyumba vingi vya miji ya Waswahili vina upana usiozidi mita 3 hivi, ingawa urefu wake waweza kuwa mkubwa. Umbo la nyumba ya Mswahili limetokana na umbo la mti wa ufuoni.

Kuachwa, na Miaka Iliyofuata

Husuni Kubwa haikumalizika kujengwa. Sehemu zake nyingine ziliachwa njiani, na makao yake hayakutumiwa kwa muda mrefu. Jambo hili ni muhimu sana katika mjadala wa ukarabati, na tutalirudia.

Mji wenyewe uliendelea. Msikiti Mkuu, ambao al-Hasan bin Sulaiman aliupanua kwa ukumbi wa kuba, ulibomoka, kisha ukajengwa upya katika karne ya 15. Katika kipindi hichohicho kulijengwa Msikiti wa Kuba Ndogo, na katika kisiwa jirani ukastawi mji wa Songo Mnara. Ni vyema kuzingatia kwamba Wakilwa wenyewe walikuwa wakikarabati majengo yao zaidi ya miaka 500 kabla ya shirika lolote la kimataifa kuwafikia.

Wareno walifika Kilwa mwaka 1500 wakiongozwa na Pedro Álvares Cabral. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno, na mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuvamia mji, akaupora na kujenga ngome ufuoni. Wareno waliiacha ngome hiyo mwaka 1512. Gereza tunaloliona leo lilijengwa na Waomani takriban mwaka 1800, likiwa limemeza ndani yake mabaki ya kazi ya Wareno. Katika karne ya 18 Kilwa ilipata uhai mpya wa kibiashara, lakini uhai huo ulisimama juu ya maangamizi ya watu wengine. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Baadaye biashara ilihamia Kilwa Kivinje katika bara, na kisiwa kikabaki na kijiji cha wavuvi na wakulima katikati ya kuta za kale.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa hapa. Gofu ni jengo lililobaki kiunzi. Hame ni mahali palipohamwa na watu. Kilwa Kisiwani ina magofu, lakini si hame, kwa maana watu hawajawahi kuondoka wote. Wanaoishi humo leo huvua, hulima na husali hatua chache kutoka kwenye kuta hizo.

Namna Gofu Linavyoliwa

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba sehemu ya kusini-mashariki ya Husuni Kubwa ilikuwa inatoweka.

Adui wa kwanza ni maji ya mvua. Jumba halina paa, kwa hivyo mvua huingia juu ya kuta zilizo wazi, huosha chokaa iliyo kati ya mawe, kisha huteremka kuelekea ukingo wa genge na kuuchukua udongo unaobeba msingi. Adui wa pili ni bahari. Mawimbi hula miguu ya genge na ufuo wa mji, na palipokatwa mikoko hayakuti kizuizi.

Adui wa tatu ana sura mbili. Mimea iliyoota juu ya genge hupunguza kasi ya maji na kushikilia udongo. Mimea hiyohiyo hupenyeza mizizi ndani ya kuta na kuzipasua. Anayeifyeka yote kwa bidii huokoa ukuta na kuangusha genge; anayeiacha yote huokoa genge na kuangusha ukuta. Mhifadhi hulazimika kuchagua mti kwa mti: huu ukatwe shina na mizizi yake iachwe ioze polepole, ule uachwe, na pale paoteshwe nyasi zenye mizizi mifupi.

Adui wa nne ni rafiki asiyejua, yaani fundi anayeleta saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Ukuta wa matumbawe hufyonza maji ya mvua na chumvi ya bahari, kisha huyatoa maji hayo kupitia viungo vya chokaa. Viungo vikizibwa kwa saruji, unyevu hukwama ndani ya mawe, na chumvi hugeuka chembe ngumu zinazopanuka na kulimung'unya tumbawe kutoka ndani. Baada ya miaka kadhaa, saruji hubaki imesimama ikiwa nzima huku jiwe iliyolikusudia kulilinda limegeuka unga. Huo ni ufa uliozibwa vibaya, na ndio unaoleta haja ya kujenga ukuta.

Mjadala Juu ya Ukarabati

Swali la ni kiasi gani gofu lirekebishwe halikuanzia kwetu. Huko Ufaransa, katika karne ya 19, msanifu Eugène Viollet-le-Duc alipewa kazi ya kurejesha ngome ya Pierrefonds, iliyokuwa gofu tangu mwaka 1617. Aliijenga upya karibu yote kwa amri ya Napoleon III. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba kurejesha jengo ni kulipa hali ya ukamilifu ambayo huenda haikuwahi kuwepo wakati wowote. Nchini Uingereza, John Ruskin aliandika mwaka 1849 kupinga vikali fikra za aina hiyo, akiuona ukarabati kuwa aina mbaya kabisa ya uharibifu, na mwaka 1877 William Morris akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale dhidi ya warekebishaji.

Mvutano huo ulizaa kanuni zilizokubaliwa na wengi katika Mkataba wa Venice wa mwaka 1964. Kwa ufupi, mkataba huo unashikilia kwamba ukarabati ukome pale ambapo dhana inaanza, na kwamba kila kilichoongezwa kiweze kutambuliwa kuwa kimeongezwa. Mgeni asidanganywe.

Hebu tuitumie kanuni hii katika Husuni Kubwa. Wapo wanaouliza: mbona jumba hili lisijengwe upya lote, likarudishiwa kuba zake, ili watalii waje kwa wingi na wenyeji wapate kipato? Swali hili si la kubezwa, kwani wenyeji wa Kilwa wana haki ya kufaidika na urithi wao. Lakini jumba likijengwa upya litarudishwa katika hali gani? Sultani mwenyewe hakulimaliza. Kuba zitakazowekwa juu ya vyumba ambavyo havikuwahi kupata paa zitakuwa kuba za karne ya 21, na anayezitazama hataweza tena kuisoma habari kubwa kuliko zote ambazo gofu hilo linatoa: kwamba katika kilele cha utajiri wake, Kilwa ilianza kitu ambacho haikuweza kukikamilisha. Ukamilifu wa kubuni ungeifuta historia hiyo.

Kazi Iliyofanyika

Kazi ya kuinusuru Kilwa ilichukua njia ya kuziba nyufa. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii, Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ikisaidiwa na fedha za Ufaransa na Japani kupitia UNESCO, iliimarisha majengo kadhaa, Gereza likiwa miongoni mwao. Baadaye World Monuments Fund, pamoja na ufadhili wa serikali ya Marekani, ilishiriki katika awamu nyingine ya kuimarisha kuta na kukinga ufuo.

Mbinu zenyewe zilikuwa za kawaida, na hilo ndilo fundisho lake. Mimea iliondolewa kwa uangalifu. Vichwa vya kuta vilifunikwa kwa tabaka la chokaa ili maji yateremke nje badala ya kuzama ndani. Nyufa zilijazwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mikoko ilipandwa ufuoni ili ivunje nguvu ya mawimbi. Kamati za magofu ziliundwa miongoni mwa wanakijiji wa visiwa vyote viwili, na wenyeji wakafunzwa kazi ya uashi wa chokaa. Mwaka 2014, baada ya miaka 10, Kilwa iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kuondolewa huko hakumaanishi kwamba kazi imekwisha. Mvua ya mwaka ujao haisomi orodha. Gofu lililoimarishwa huhitaji kukaguliwa kila baada ya masika, na miche ing'olewe ikiwa bado yaweza kung'olewa kwa vidole viwili. Kwa sababu hiyo, mwashi wa kijijini anayejua kuchoma na kuzima chokaa ni hazina sawa na ukuta wenyewe. Akifa bila kumrithisha mwingine, ufa utakaofuata utazibwa kwa saruji.

Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanaihusu vipi taaluma yetu? Yanaihusu kwa njia mbili.

Kwanza, kuna suala la istilahi. Katika matumizi ya kawaida, neno ukarabati hubeba kila kitu: kupaka rangi shule, kubadilisha mabati ya zahanati, na kuimarisha jumba la karne ya 14. Fundi anayeambiwa "karabati ukuta huu" hana kosa akileta saruji, kwa kuwa ndivyo alivyokarabati zahanati. Lugha ina uwezo wa kutofautisha. Tunaweza kulitumia neno uhifadhi kwa kazi ya kuzuia jengo lisiharibike zaidi, uimarishaji kwa kazi ya kulitia nguvu lilivyo, ukarabati kwa kazi ya kurekebisha kilichoharibika kwa kufuata ushahidi, na ujenzi upya kwa kazi ya kuinua kisichokuwepo tena. Maneno yote manne tunayo. Kinachokosekana ni kuyapa mipaka na kuyashikilia katika mikataba, mabango na vitabu.

Vilevile kuna msamiati wa ujenzi wa kale ambao unatoweka pamoja na mafundi wake. Majina ya aina za matumbawe, ya boriti kwa unene wake, ya vidaka na sehemu za nyumba, ya hatua za uchomaji wa chokaa, yanapatikana midomoni mwa wazee wa Kilwa, Lamu, Pate na Mombasa zaidi ya kamusini. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali.

Pili, kuna suala la fasihi. Washairi wetu wa kale waliyatazama magofu kwa jicho la ibra. Utenzi wa Al-Inkishafi, unaohusishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unayatumia majumba ya Pate yaliyohamwa kuwa onyo kwa moyo unaoghurika na dunia. Katika mtazamo huo, gofu hufunza kwa kuwa limeanguka. Je, mhifadhi anayelizuia lisianguke anaiharibu ibra hiyo? Tunaona kwamba sivyo. Gofu lililoimarishwa bila kujengwa upya linaendelea kuwa gofu. Bado halina paa, bado ndege huingia na kutoka, bado birika la pembe nane halina maji. Anayelijenga upya ndiye anayekinyamazisha kile ambacho mshairi alikisikia.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba Husuni Kubwa, ingawa inaitwa ngome, ilikuwa kasri na ghala la sultani aliyetajirika kwa dhahabu ya Sofala. Kwamba ilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti, na ikaachwa kabla ya kukamilika. Na kwamba ilinusurika kuporomoka baharini kwa kazi ya uangalifu iliyotumia vifaa vilevile vya wajenzi wa kwanza. Tumeonyesha pia kwamba tofauti kati ya kuziba ufa na kujenga ukuta ni tofauti kati ya kuilinda historia na kuitunga upya.

Nchini Kenya tunayo magofu yetu, kuanzia Gedi, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, hadi miji midogo ya pwani ya kaskazini isiyo na mlinzi wala bango. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 ipo. Lakini sheria haing'oi miche ukutani. Panahitajika watu wanaozijua kuta hizo kwa majina, na majina hayo ni ya Kiswahili. Ni wajibu wetu kuyakusanya wakati wenye kuyajua wangali hai, kwa maana msamiati nao una nyufa, na wazee wanaoweza kuziziba hawataishi milele.